Majani Yanaanguka mu Lupango: Masomo ya Kwanza ya Mutoto Wako



Sisi wengi tulikariri ku masomo kwamba mwaka una majira manne: printemps, été, automne na hiver. Tuliandika mu kaye kwamba wakati wa automne majani ya miti yanageuka ya manjano na mekundu, kisha yanaanguka. Tulipata pointi zetu. Halafu tukarudi nyumbani, na njiani tulikanyaga majani makavu ya miti yetu wenyewe bila kuyaangalia, kwa sababu hayakuwa mu kitabu.

Kule Ulaya, automne inaanza mwishoni mwa mwezi wa 9 na kuisha mwezi wa 12. Wakati huo mama wa Ubelgiji ao wa Ufaransa anatembea na mutoto wake wa miaka miwili chini ya miti. Wanaokota majani na mbegu, wanazileta nyumbani, wanazipanga juu ya meza: kubwa hapa, ndogo pale, nyekundu hapa, manjano pale. Mutu akiwaona anaweza kufikiri ni mchezo tu. Kumbe ni masomo.

Sisi hatuna automne. Kwetu Haut-Katanga na Lualaba tuna wakati wa mvula, kuanzia karibu mwezi wa 11 mpaka wa 3 ao wa 4, na wakati wa ukavu, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9. Mwezi wa 6 na wa 7 baridi inatushika asubuhi. Mwezi wa 7 na wa 8 majani ya pori yanakauka na kuanguka, upepo unayaleta mpaka mulangoni. Na hapa kwetu kuna jambo la ajabu ambalo kitabu hakikutuambia. Mbele mvula haijafika, mwezi wa 8 na wa 9, muputu na ndugu zake wa pori wanatoa majani mapya, na majani hayo yanatoka mekundu, rangi ya shaba kabisa. Kule Ulaya jani linakuwa jekundu mbele ya kufa. Kwetu jani linazaliwa jekundu, kisha linageuka kijani.

Basi mutoto wa Likasi, wa Kipushi ao wa Kolwezi hakosi kitu. Ana majani, mbegu, upepo, na kisha mvula. Kinachokosa mara nyingi ni mutu wa kukaa naye chini dakika kumi.

NANI ATAMUFUNDISHA?

Masomo ya maternelle yanapokea watoto kuanzia miaka 3, na muzazi analipa. Gratuité iliyoanza mwaka wa 2019 inahusu masomo ya musingi ya serikali. Lakini mutoto wa mwaka moja ao miwili, yeye anasoma wapi? Anasoma mu lupango. Mwalimu wake ni wewe mama, ni wewe baba, ni yaya yake, ni nkambo yake anayeota jua ku mulango.

Wazazi wengine wanasema: «Huyu angali mudogo, hajui kitu.» Hapana. Mbele ya kusema neno moja, mutoto anasikia maneno mengi na kuyaweka akiba. Anayeambiwa maneno mengi leo ndiye atakayesema mengi kesho. Na neno linaingia vizuri zaidi wakati mukono wake unashika kitu chenyewe.

Angalia mambo mawili haya. Mutoto ameokota jani, anamuletea mama. Mama wa kwanza anasema: «Tupa! Uchafu hiyo!» Jani linaanguka, na masomo yamekwisha. Mama wa pili anasema:

— Eh, papa, umeleta nini? Jani! Ona, jani kubwa. Iko kavu. Sikia: kra, kra, kra.

Mu maneno machache hayo mutoto amepokea jina la kitu, ukubwa wake, hali yake na sauti yake. Mama hakuacha hata kuchagua sombe. Franka haikutoka.

Usifanye kama mwalimu wa kalasi. Usimukaririshe, usimupige kwa sababu hakujibu. Muachie achague, wewe fuata macho yake. Akianza kuangalia upande mwingine, mchezo umeisha. Dakika tano ao kumi zinatosha. Na semea mutoto mu luga unayoijua vizuri: Kiswahili, Kibemba, Kisanga, Kiluba. Kifaransa atakikuta ku masomo. Mutoto mwenye maneno mengi ya kwao anajifunza ya wengine bila shida kubwa.

MBELE YA KUANZA: VUMBI

Hapa tunaomba muzazi asome polepole. Mutoto mudogo anajifunza kwa mikono, na mikono yake inaenda mu kinywa. Si tabia mbaya, ni umri wake. Lakini sisi tunakaa mu inchi ya shaba na kobalti. Vumbi la mine, la viwanda na la barabara ya makamyo linashuka mu lupango na ndani ya nyumba, na linalala pale chini ambapo mutoto anatambaa.

Mwaka wa 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao: watu wanaokaa karibu na mine na viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti nyingi mu mukojo, na watoto pia hawakusalimika. Mwaka wa 2018 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu na wenzake walitangaza uchunguzi mwingine, wa Kasulo, kule Kolwezi, ambako tangu mwaka wa 2014 watu walichimba mashimo katikati ya nyumba. Walilinganisha watu wa Kasulo na watu wa kata nyingine, na tofauti ilionekana zaidi kwa watoto.

Hatuandiki haya ili ufunge mutoto ndani. Ndani vumbi liko vilevile, na mutoto wa miaka hiyo anahitaji kukimbia. Tunaandika ili uchague fasi na kitu cha kumupa. Shika haya:

1. Majani na mbegu za mchezo uziokote mbali na barabara kubwa, mbali na mashimo na mbali na vilima vya mabaki ya viwanda. Shamba lako ao pori ni bora. Ukienda shamba, rudi na mufuko mudogo wa majani.

2. Osha majani na maji safi, yaanike, ndipo umupe mutoto.

3. Musicheze juu ya udongo mutupu. Tandika mukeka ao kitenge cha zamani kilichofuliwa, na kiwe cha mchezo tu.

4. Nyunyiza maji mbele ya kufagia, vumbi lisiruke. Ndani ya nyumba, pitisha kitambaa chenye maji chini.

5. Mikono na sabuni nyuma ya mchezo na mbele ya kula. Kila mara, hata kama mikono inaonekana safi.

6. Yale mawe mazuri ya kijani, malakiti, si mchezo wa mutoto mudogo. Hata kipande kimoja. Na mufuko wa madini usilale mu nyumba ambamo mutoto analala.

Kuna hatari nyingine mbili zisizotoka mu mine. Ya kwanza ni kukabwa. Mutoto ambaye hajafika miaka mitatu asiachiwe karanga nzima, maharagi, mahindi ao mbegu ndogo mu mukono wake. Zinaweza kupita njia ya pumzi. Ya pili ni sumu. Mbegu za mbarika, ile inayotoa mafuta ya ricin, na zile mbegu ndogo nyekundu zenye jicho jeusi ambazo watu wanatunga shanga, zinaweza kuua. Ukiziona mu lupango, ziondoe mbele mutoto hajaziona.

MICHEZO SITA YA WAKATI WA UKAVU

1. Kitunga cha majani (toka mwaka moja)

Weka majani kumi hivi yaliyooshwa mu kitunga: makubwa, madogo, laini, ya kukwaruza. Keti na mutoto ku mukeka. Muache ayamwage, ayarudishe, ayamwage tena. Usichoke, kumwaga na kurudisha ndiyo kazi yake ya umri ule. Wewe sema tu kile anachofanya: «Inaingia. Inatoka. Yote imeisha! Leta ingine.» Akilipeleka jani mu kinywa, litoe bila kelele, umupe lingine.

2. Kubwa na dogo, nyekundu na kijani (toka miaka miwili)

Weka sahani mbili. Mu moja tia jani kubwa, mu nyingine dogo. Mupe jani la tatu, uulize: «Hii inaenda wapi?» Akikosea, usicheke. Chukua jani, liweke juu ya lile kubwa, muone pamoja. Siku nyingine fanya kwa rangi. Mwezi wa 9, kama mutu anaenda pori, mwambie akuletee katawi kenye majani mapya mekundu. Kaweke mu kopo la maji, karibu na tawi la muembe la kijani. Mutoto hajui bado kusema rangi, lakini macho yake yanazitenganisha. Jina litafuata.

3. Kelele za majani na chupa (toka mwaka moja)

Kusanya majani makavu yaliyo safi juu ya kitenge. Mutoto apite juu yake, wewe ukimushika mikono. Polepole: kra… kra. Haraka: kra-kra-kra! Kisha chukua chupa mbili ndogo za plastiki. Mu moja tia mahindi kidogo, mu nyingine majani yaliyosagika. Funga vizuri sana, zungusha kamba ao skoch ku mufuniko, ujaribu kufungua wewe mwenyewe. Kama wewe unashindwa, mutoto pia atashindwa. Tikisa: moja inapiga kelele, nyingine inanongona. «Iko wapi yenye kelele?» Siku chupa inapasuka, itupe.

Ukiwa shamba wakati huu, nyamaza kidogo na mutoto chini ya miti. Maganda ya mbegu ya muputu yanapasuka kwa jua, pa! na kurusha mbegu mbali. Muonyeshe kwa kidole pahali sauti imetokea. Mutoto anayejifunza kusikiliza leo ataweza kusikiliza mwalimu kesho.

4. Upepo uko wapi? (toka mwaka moja na nusu)

Mwezi wa 8 upepo ni mwingi. Funga kitambaa chepesi ku tawi ao ku kamba ya nguo. Kikiruka: «Upepo unakuja!» Kikilala: «Upepo umeenda wapi?» Weka jani juu ya kiganja chako, ulipulize. Weka lingine juu ya kiganja chake. Kupuliza si jambo rahisi kwa mutoto, inaomba azoeze midomo, na ni midomo hiyohiyo itakayosema maneno. Siku vumbi linaruka sana, mchezo huu uache, ingieni ndani.

5. Jani mu karatasi (karibu miaka mitatu)

Laza jani chini ya karatasi, upande wa mishipa ukiangalia juu. Chukua kipande cha makala ao kreyo, ukilaze, ukipitishe juu ya karatasi polepole. Mishipa ya jani inatokea moja moja. Shika mukono wa mutoto, mufanye pamoja, kisha umuachie. Karatasi itachafuka, mikono pia. Iosheni. Bandika kazi yake ku ukuta na umuonyeshe baba yake akirudi. Mutoto anaelewa kwamba alama ya karatasi inaweza kusimamia kitu ambacho hakiko hapa. Kusoma kunaanzia hapo.

6. Kupima na kumwaga (toka miaka miwili)

Besheni moja, makopo mawili, maji kidogo. Kopo linajaa, linamwagwa, linajaa tena. «Imejaa. Haina kitu. Kidogo. Mingi.» Haya ndiyo hesabu ya kwanza, mbele ya moja, mbili, tatu. Lakini usiinuke. Mutoto mudogo anaweza kuzama mu maji ya sentimetre 5 tu. Jirani akikuita, mwaga maji kwanza, ndipo uende. Maji ya mchezo umwagilie lengalenga, yasipotee bure.

NA BABA?

Baba wengine wanafikiri haya ni mambo ya wanawake. Lakini muulize mutoto: anakimbilia nani jioni? Anasikia sauti ya baba ku mulango, anaacha kila kitu, anainua mikono abebwe.

Baba, kama unatoka mu mine, mu kiwanda, ao ku kusafisha madini, tunakuomba jambo gumu: usimubebe mara moja. Vumbi la kazi linakuja nyumbani juu ya nguo, juu ya viatu na mu nywele. Mutoto akiweka uso wake ku bega lako, analamba kazi yako ya siku nzima. Acha viatu inje. Vua nguo za kazi, ziwekwe pembeni na zifuliwe peke yake. Oga, ama angalau nawa mikono, uso na kichwa, vaa nguo nyingine. Kisha mubebe hata saa nzima.

Siku za kwanza atalia. Mama amusaidie: «Tata anaoga. Tungoje. Tumuchagulie jani moja ya kumupa.» Nyuma ya siku chache mutoto atazoea. Atakuja na jani lake mu mukono, atakaa ku mulango kungoja. Na wewe baba ukitoka umeoga, usipokee lile jani kwa mukono moja huku mwingine ukishika telefone. Liangalie. Uliza: «Hii umeitoa wapi?» Dakika tano tu.

Tunajua vizuri kwamba sabuni ya mama haiwezi kusafisha hewa ya muji muzima. Kuzuia vumbi ku chanzo chake ni kazi ya kampani na ya serikali, na wazazi wana haki ya kuiomba. Lakini mutoto hangoji mpaka wakubwa wapatane. Miaka yake mitatu ya kwanza inapita sasa.

TELEFONE SI YAYA

Siku hizi mama akiwa na kazi nyingi anamupa mutoto telefone, na mutoto anatulia. Tunaelewa. Lakini OMS, mu mashauri yake ya mwaka wa 2019, inasema mutoto wa mwaka moja asiwekwe mbele ya kiyoo cha telefone ao televisheni, na wa miaka miwili asipite saa moja kwa siku. Tena watoto wa umri huo wanahitaji kutembea, kukimbia na kucheza saa tatu kwa jumla kila siku. Telefone inasema, lakini haimujibu. Jani halisemi kitu, na kwa sababu hiyo wewe unasema.

UMUANGALIE VIZURI

Mu michezo hii muzazi anapata faida nyingine: anamujua mutoto wake. Kama nyuma ya mwaka moja na nusu hageuki ukimuita, kama hatembei, kama miaka miwili imetimia na haunganishi hata maneno mawili kama «mama, maji», ao kama alikuwa anasema kisha akaacha, usingoje na usisikilize wanaosema «itakuja yenyewe». Mupeleke ku kituo cha afya, waangalie masikio yake na afya yake. Mara nyingine ni sikio tu, na linatibika.

MVULA IKIFIKA

Mwezi wa 10 joto linapanda, mawingu yanakusanyika na kutawanyika. Chukua kopo, tia ndani kitambaa chenye maji, na weka maharagi matatu. Maharagi uyashike wewe; mutoto aweke moja moja ukimuangalia, kisha kopo likae juu, pahali anaona lakini hafiki. Kila asubuhi munyanyue: «Tuone. Imelala bado.» Nyuma ya siku chache ganda linapasuka, kitu cheupe kinatoka. Usimueleze sana. Muache aangalie.

Wakati mvula ya kwanza inapiga ku malata, simameni wote wawili ku mulango. Mumepita majani makavu, majani mekundu, upepo, mbegu. Mutoto hatakumbuka siku hizi akiwa mukubwa. Lakini maneno yatabaki, na mazoea ya kuangalia kitu, kukigeuza na kuuliza yatabaki. Ndiyo mizigo atakayobeba siku ya kwanza ya masomo, hata kama sakoshi yake ni ya kushonwa.

KWA KUZUNGUMZA NYUMBANI

— Mu lupango yetu, ni fasi gani safi zaidi ambapo mutoto anaweza kucheza? Tunaweza kuitengeneza juma hili?

— Nguo za kazi zinawekwa wapi jioni? Nani anazifua, na katika besheni gani?

— Jana, nani alikaa chini na mutoto dakika kumi? Leo ni zamu ya nani?